Ukate Mkeka, Ndipo Unionyeshe Picha

Huko nyuma nasikia mnacheka. Najua: huyu kaja tena na mkeka wake. Naam, nimekuja nao: mkeka wa nyuzi nyembamba mno za plastiki, tunaoufuma kwa umeme ili seli zikae na kukua ndani yake.

Sindano, volti 15,000, bamba la kupokelea uzi: hayo mnayafanya kila siku, sina la kuwafundisha. Ugomvi wangu ni na picha zenu. Kila ninayemtembelea hunionyesha seli zilizotanda juu ya nyuzi, zimenyoosha mikono, zinapendeza. Hukaguliwa uso wa juu wa mkeka tu.

Na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nilifuma mkeka wa plastiki iitwayo polikaprolaktoni, nyuzi za nanomita 400 hivi, yaani chini ya nusu ya maikromita, nikapanda fibroblasti, zile seli zinazojenga tishu unganishi. Siku ya saba zimejaa pomoni. Nilibaki kidogo nipige vigelegele. Mama mmoja, fundi wetu wa maabara, akachungulia hadubini, akaniuliza taratibu, “Mwalimu, umeukata?” Sikuwa nimeukata. Tukaugandisha, tukauchana vipande vyembamba, tukatia rangi ya buluu inayoonyesha viini vya seli. Juu kabisa palikuwa na mstari mmoja wa buluu. Chini yake giza tupu. Seli zangu zote zilikuwa zimekaa barazani, ndani hajaingia hata mmoja!

Zingeingiaje? Seli ina maikromita 10 hadi 20, na nyuzi nyembamba vile huacha vitundu vya maikromita chache tu. Mwili wake hujikunja ukapenya, lakini kiini ni kigumu, hukwama mlangoni. Mtasema, mbona mwilini seli hupita katikati ya kolajeni, zile nyuzi za protini zinazoshikilia tishu, nayo imesongamana vilevile? Hupita kwa sababu ana panga: vimeng'enya vyake huikata kolajeni. Polikaprolaktoni havikati.

“Basi Mwalimu, nenepesha uzi.” Nimeshajibu hili mpaka sauti imekauka. Ukinenepesha, matundu yanapanuka, kweli. Lakini uzi wa maikromita 10 kwa seli si uzi tena, ni ukuta. Seli huufuata na kuuegemea tu, ile hali ya kushikwa na nyuzi ndogo pande zote imekwisha. Wengine huchanganya nyuzi za kafara, za polima inayoyeyuka majini, wakaziosha baadaye. Hilo nalipenda zaidi, ingawa mkeka ukibaki na nyuzi chache hulegea na kubonyea.

Kwamba seli hufuata uzi si habari mpya. Mwaka 1914 Ross Harrison alichapisha kazi yake ya kuweka seli za kiinitete cha chura kwenye utando wa buibui, zikatambaa kuufuata. Ndiyo maana anayetaka kuotesha kano au neva hulaza nyuzi zote zielekee upande mmoja. Sawa.

Kuhusu ugumu wa nyuzi, na protini za seramu, yale maji ya damu tunayozilishia seli, zinazoufunika uzi kabla seli haijagusa chochote, nilikuwa na picha sita. Mwenyekiti ananionyesha saa. Tuziruke.

Nani amekuja na mkeka wake leo? Wewe, dada, lete hapa mbele. Wembe ninao.