Mnyororo unakatikia pembeni ya shamba

Haya tuanze, waliokaa nyuma sogeeni, viti vipo. Mada niliyopewa ni ndefu, ugavi endelevu wa biomasi (yaani mabua, kuni na mabaki mengine ya mimea) kwa uchumi duara, ule ambao mabaki yanarudi kutumika tena, ila mi nataka kuongea kitu kimoja tu: mara nyingi mnyororo huu haukatikii kwenye mtambo, unakatikia pembeni ya shamba, pale marobota ya mabua yanapongoja lori.

Angalieni Marekani. Kati ya 2014 na 2015 vilifunguliwa viwanda vitatu vikubwa vya kutengeneza ethanoli kutokana na mabua ya mahindi na mabaki kama hayo, Abengoa pale Hugoton, Kansas, POET-DSM pale Emmetsburg, Iowa, na DuPont pale Nevada (huo ni mji wa Iowa, msichanganye na jimbo). Kufika 2019 vyote vitatu vilikuwa vimefungwa, vimeuzwa au vimesimamishwa. Sababu ziko nyingi, bei ya mafuta ilishuka, madeni, siasa, sawa, lakini waulize mainjinia wa kazi hii watakwambia habari ya mchanga. Mabua yanaokotwa chini, yanakuja na udongo, udongo unakula visu na skrubu za kusukumia malighafi, mtambo unasimama. Kwenye maabara ile sampuli ilikuwa safi bwana!

Sasa maji. Mti uliokatwa leo karibu nusu ya uzito wake ni maji, yaani lori la tani 20 limebeba tani 10 za maji, umelipa dizeli kuyasafirisha alafu yakifika unatumia tena moto kuyafukuza. Kilo ya kuni kavu kabisa inatoa kama megajuli 18 hivi, hiyo mbichi inatoa kama 8 tu. Kwahiyo kupanga magogo kwenye upepo kiangazi kizima kabla ya kuyasaga sio uvivu, ni kazi inafanyika.

Na hewa nayo tunaisafirisha. Robota la majani makavu lina kama kilo 150 kwa mita ya ujazo, peleti, vile vipande vidogo vya mabaki yaliyosagwa na kugandamizwa, zinapita 600. Lori la marobota linajaa mpaka juu na bado kwa uzito lina nafasi, ndo maana umbali unaua biashara haraka hivyo. Alafu kuna hesabu watu wanaisahau, ukitaka kiwanda kikubwa mara mbili unahitaji eneo mara mbili, na hapo umbali wa kwenda kuokota unaongezeka kama asilimia 40, na hiyo ni kama kila jirani amekubali kukuuzia, jambo ambalo halitokei. Mi naona viwanda vingi vingefaa kuwa vidogo kuliko wafadhili wanavyopenda.

Mavuno ni wiki chache, kiwanda kinakula mwaka mzima. Kwahiyo ghala. Rundo likiingia na unyevu, vijidudu vinaanza kazi, joto linapanda lenyewe ndani mpaka linashika moto bila kiberiti. Hata peleti kavu kwenye chumba kilichofungwa zinatoa kaboni monoksaidi, imeshaua watu kwenye matumbo ya meli, msiingie humo bila kipimo cha gesi, tafadhali.

Hapa ndo nafika kwenye pesa. Ukimlipa mkulima kwa tani mbichi umemfundisha kuleta maji, na mchanga juu yake. Lipa kwa tani kavu, yaani uzito ukishatoa maji, pima unyevu na majivu (kinachobaki sampuli ikichomwa, mchanga ukiwemo) pale getini mkulima mwenyewe akiona namba, sio anatumiwa meseji baadaye amekatwa. Nikipewa hela kidogo ya mradi ningenunua vipimo kabla ya tanuru.

Alafu mabua sio ya bure. Yanarudisha kaboni kwenye udongo, yana potasiamu, yanazuia mmomonyoko. Ya kuacha ni kiasi gani? Inategemea mteremko, mavuno, na kama unatifua udongo kwa jembe au unapanda bila kutifua, hakuna asilimia moja ya dunia nzima na anayekupa hiyo anauza mashine. Kuna kitu kimoja nakipenda hapa: ukiacha majani ya nafaka yanyeshewe kisha yakauke kabla ya kuyafunga, mvua inarudisha potasiamu na klorini ardhini, na hizo ndo zinazofanya majivu yayeyuke na kugandia kwenye boila na kutafuna mabomba. Shamba linapata, boila linapata.

Mbao nzuri ziende kwenye ujenzi kwanza, vumbi na magome ndo yachomwe, hilo nadhani tunakubaliana.

La mwisho ni safari ya kurudi, maana duara bila kurudi ni mstari tu. Tope la mtambo wa biogesi linarudi shambani na naitrojeni yake. Majivu je? Yale ya chini ya tanuru mara nyingi yanafaa, ila yale yanayonaswa kwenye filta ya moshi ndo yanakusanya kadimiamu, metali yenye sumu, kwahiyo toka siku ya kwanza weka mapipa mawili tofauti, kwa sababu yakishachanganyika hakuna atakayekubali hata kilo. Haya, maswali.