Jani la mzabibu na mchanga: kalibu ya kisahani cha saruji

Karibuni tena uani kwangu, hapa Dodoma. Leo hatutumii kalibu ya chuma wala ya mbao. Kalibu yetu ni kichuguu cha mchanga mbichi na jani moja la mzabibu, nasi tutatoa kisahani cha kuwekea sabuni chenye mishipa ambayo hakuna mkono utakaoichonga vizuri hivyo.

Majani haya nimepewa na mkulima wa Mpunguzi aliyekuwa anapogoa mizabibu yake. Chagua jani pana, lililokomaa, lisilotobolewa na wadudu. Lioshe pande zote, maana shambani hupigwa dawa. Litumie siku hiyohiyo. Likinyauka linajikunja na kisahani kinatoka na makunyanzi. Kama huko uliko hakuna zabibu, jani la boga linafaa sana.

Mwaga mchanga kwenye sinia, unyunyizie maji mpaka ukiufumbata ubaki na umbo la kiganja chako. Ujenge kichuguu cha kimo cha vidole vitatu, kisha utandaze nailoni juu yake.

Sasa tazameni jani hili kwa karibu. Upande wa juu ni laini, mishipa imezama. Naligeuza. Huku chini mishipa imetokeza, hata ile myembamba kama uzi unaisikia ukipitisha kidole. Ukililaza juu ya nailoni, upande huu ndio utazame juu, ukutane na saruji. Ukilaza kinyume, utapata alama hafifu tu. Kata kikonyo, kisha pitisha mafuta ya alizeti kidogo sana kwa brashi. Oili chafu waachie wenye mbao za zege; hapa itaacha madoa.

Mchanganyiko ni kopo 1 la saruji kwa makopo 2 ya mchanga wa korongoni uliochekechwa. Kokoto hazihitajiki. Vaa glovu, kwa sababu saruji mbichi inaunguza ngozi. Changanya vikavu mpaka rangi iwe moja, ndipo uongeze maji kidogo kidogo. Simama pale donge linapokaa mkononi bila kuchuruzika. Maji yakizidi, kisahani kitakuwa dhaifu.

Na jambo hili naomba mlishike: sukari ni adui wa saruji. Niliwahi kutengeneza chungu kwa kumimina mchanganyiko kwenye chupa ya juisi ambayo sikuisuuza. Siku ya tatu nilipoikata, uso wa chungu ulikuwa unapukutika kama unga, na kazi yote niliitupa. Sukari kidogo tu inachelewesha saruji kuganda. Chupa, kopo au kibuyu chochote utakachogeuza kalibu, kisafishe kwanza.

Tandaza tabaka jembamba juu ya jani. Bonyeza kwa vidole kutoka katikati kwenda ukingoni, taratibu, hewa itoke na saruji iingie kwenye kila mshipa. Ongeza mpaka unene ufike sentimita 2 katikati, pembeni 1 na nusu. Fuata meno ya jani. Usiyazibe, ndiyo yanayoonyesha kuwa huu ni mzabibu. Juu kabisa weka donge dogo ulibapishe kwa mwiko. Hicho ni kitako.

Funika kwa nailoni, ubane kingo zake kwa mawe, kisha weka kivulini. Saruji haiwi ngumu kwa kukauka, inakuwa ngumu kwa kunywa maji, na upepo wetu wa Dodoma unayanyonya maji hayo kabla saruji haijashiba. Kazi nyingi hapa zinapasuka kwa sababu hiyo tu.

Baada ya siku 2, kigeuze kwa mikono miwili. Anza kubandua jani pale kikonyo kilipokuwa. Vipande vinavyong'ang'ania visugue kwa mswaki wa zamani na maji. Usitumie kisu, kitakwangua mishipa. Ukingo ukiwa na makali, usugue kwa jiwe.

Kisha kizamishe kwenye ndoo ya maji siku 7. Maji safi ya kawaida yanatosha, ilimradi hayana sukari wala chumvi. Kitoe, kiache kivulini, na nguvu itazidi kuongezeka mpaka siku ya 28. Kigonge kwa kucha: kikilia kama kigae, kiweke bafuni.