Kubisha Hodi Ubongoni: Sumaku na Wagonjwa Waliopoteza Fahamu

Asanteni kwa kuja. Huku mbele nawaona wauguzi, na najua ukumbini wamo pia ndugu wa wagonjwa, kwa hiyo nitasema kwa lugha ambayo wote tutaelewana. Naanza na swali ninaloulizwa na ndugu kuliko jingine lolote: je, ile mashine ya sumaku inayosisimua ubongo kutoka nje ya kichwa, inayosifiwa mitandaoni, inaweza kumwamsha mgonjwa wetu? Kwa leo, ushahidi wa kuiita tiba ya kupoteza fahamu hautoshi. Lakini mashine hiyohiyo ina kazi nyingine, ya kutusaidia kujua kama ndani mwenyewe yumo, na katika kazi hiyo imefika mbali zaidi.

Tutenganishe kwanza hali zenyewe. Aliye katika koma amefumba macho, na hata ukimfinya hayafumbuki. Kwa kawaida koma haizidi wiki 2 hadi 4. Baada ya hapo wapo wanaofariki, wapo wanaozinduka, na wapo wanaoingia katika hali inayowatesa ndugu kuliko zote: macho yanafumbuka asubuhi na kufumba usiku, mgonjwa anapumua mwenyewe, anapiga miayo, anasaga meno, lakini hafuati agizo lolote. Huyo yu macho bila mwitikio. Mwaka 2002 Joseph Giacino na wenzake wakaeleza hali nyingine, ya fahamu hafifu: leo mgonjwa anakufuata kwa macho, kesho hafanyi lolote, keshokutwa anashika mkono akiambiwa ashike. Fahamu ipo, ila inakuja na kupotea.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa, kwa sababu mwenye fahamu hafifu ana matumaini zaidi ya kupata nafuu, na huenda anasikia maumivu. Na sisi watu wa hospitali huikosea mara nyingi. Utafiti uliotolewa mwaka 2009 na Caroline Schnakers na wenzake nchini Ubelgiji ulionyesha kwamba, kati ya wagonjwa ambao madaktari walikubaliana kuwa hawana fahamu, asilimia 41 walikuwa nayo walipopimwa kwa utaratibu maalumu. Hao ni wawili katika kila watano!

Utaratibu huo una alama 0 hadi 23, na sehemu yake moja inahitaji kioo tu, kioo cha kujitazamia. Unakishika karibu na uso wa mgonjwa, kama sentimita 10 hadi 15, ajione. Halafu unakipeleka polepole kulia, kushoto, juu, chini, huku ukiangalia kama macho yanakifuata bila kukatika. Kwa nini kioo na si kalamu au kidole? Kwa sababu mtu huvutwa na uso wake mwenyewe kuliko kitu kingine, na wapo wagonjwa wasiofuata kidole wala tochi lakini wakafuata kioo. Na usipime mara moja ukaandika kwenye faili. Mpime angalau mara 5 ndani ya wiki 2, saa tofauti, akiwa ameshageuzwa, amesafishwa, na hajapewa dawa ya usingizi. Nasisitiza hapa kwa sababu hakuna hospitali ya wilaya isiyoweza kununua kioo.

Hata hivyo, wapo ambao kioo nacho hakiwafikii. Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake huko Cambridge walimweka ndani ya MRI, mashine ya kupiga picha za ubongo (si ile ya mitandaoni), binti wa miaka 23 aliyeumia katika ajali ya gari miezi mitano nyuma. Kitandani hakuitikia chochote. Wakamwambia awaze kwamba anacheza tenisi, kisha awaze anatembea chumba kwa chumba nyumbani kwao, na ubongo wake ukawaka katika sehemu zilezile zinazowaka kwa mtu mwenye afya njema. Utafiti mkubwa zaidi wa mwaka 2024 uliwapima wagonjwa 241 wasiofuata agizo lolote kitandani. Kati yao 60 walifuata kwa ubongo. Wauguzi wenzangu, ukiingia chumbani mwao, salimia, jitambulishe, sema unachotaka kufanya kabla hujamgusa. Na habari za gharama na za mazishi zikazungumzwe nje.

Sasa sumaku. Kanuni yake ni ya Michael Faraday, mwaka 1831: uga wa sumaku unaobadilika huzalisha umeme. Mwaka 1985, huko Sheffield, Uingereza, Anthony Barker na wenzake waliweka koili ya waya juu ya kichwa cha mtu, wakaachia mkupuo wa umeme, na mkono wa mtu yule ukashtuka bila yeye kutaka. Mkupuo hauchukui hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Unapita kwenye fuvu bila kisu na kuamsha seli za neva zilizo chini yake, kina cha sentimita 2 au 3 hivi. Mgonjwa husikia mlio mkali, ta! ta! ta!, ndiyo maana huzibwa masikio. Marekani iliruhusu matumizi yake kwa ugonjwa wa sonona mwaka 2008.

Marcello Massimini na wenzake waliitumia kwa namna ya kubisha hodi. Nyumba yenye watu ukibisha, mmoja anamwita mwenzake, mlango wa ndani unafunguliwa, sauti inazunguka vyumba vyote. Nyumba isiyo na mtu, kishindo kinaishia pale pale mlangoni. Walipiga mkupuo mmoja wa sumaku huku elektrodi nyingi kichwani zikisikiliza umeme wa ubongo. Mtu akiwa macho, mwitikio ulisambaa na kubadilika kutoka sehemu hadi sehemu. Akiwa katika usingizi mzito, uliishia karibu na pale ulipopigwa. Mwaka 2013 wakageuza jambo hilo kuwa namba inayopima uchangamano wa mwitikio, yaani jinsi unavyosambaa na kubadilika, na baadaye wakaweka mpaka wa 0.31: ukivukwa, ni dalili kwamba fahamu ipo. Mwaka 2016, kati ya wagonjwa 43 walioonekana kuwa macho bila mwitikio, 9 walivuka mpaka huo. Kipimo hiki hakimdai mgonjwa aelewe lugha, wala atii, wala asogeze kidole. Hilo linanigusa sana.

Kwenye tiba mambo ni magumu zaidi. Wazo lenyewe lina mantiki: baada ya jeraha kubwa, mzunguko unaounganisha sehemu ya mbele ya ubongo na thalamasi, iliyo ndani kabisa, unapoa, na sumaku isiyofika kwenye thalamasi inaweza kuisisimua ile sehemu ya mbele ili mzunguko uchangamke. Hutumika mikupuo 10 au 20 kwa sekunde, siku baada ya siku. Wapo wagonjwa mmojammoja walioonyesha mabadiliko. Lakini Waitaliano walipowapa wagonjwa 11 sumaku ya kweli na ya bandia kwa zamu, matokeo yao ya mwaka 2015 hayakuonyesha tofauti ya maana. Nyingi ya tafiti nyingine zina wagonjwa wachache mno. Na kumbuka kwamba aliyeumia kichwa, kama vijana wetu wa bodaboda, anaweza kuendelea kupata nafuu kwa miezi mingi bila mashine yoyote. Usipoweka kundi la bandia, utaisifu sumaku kwa kazi iliyofanywa na muda.

Linganisheni na amantadini, kidonge cha kawaida. Mwaka 2012 kilijaribiwa kwa wagonjwa 184 walioumia kichwa, takriban nusu wakapewa dawa bandia, na waliokunywa cha kweli walipata nafuu haraka zaidi katika wiki 4 za dozi. Huo ndio ushahidi ninaoutaka kwa sumaku.

Akija mtu kukuuzia vikao vya sumaku, muulize: ndugu yangu amepimwa kwa utaratibu, na mara ngapi? Ana chuma kichwani, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, au kifaa cha mapigo ya moyo? Fuvu lilifunguliwa, na mfupa umerudishwa? Amewahi kupata degedege tangu aumie? Maana sumaku inaweza kuleta degedege, na ubongo uliojeruhiwa uko karibu nayo zaidi. Kisha uliza kama ni utafiti wenye kibali cha kamati ya maadili. Kama ni utafiti halali, hutakiwi kuuza shamba ili mgonjwa wako ashiriki. Karibuni kwa maswali. Tuanze na mama pale nyuma.