Susi, Chuma na robota lililotoka Chitambo

JABIRI: Karibuni tena wasikilizaji. Mimi ni Jabiri, na kama kawaida niko na mwalimu wangu, Bi Rehema. Shikamoo mwalimu.

BI REHEMA: Marahaba mwanangu. Hamjambo wasikilizaji.

JABIRI: Wiki iliyopita ulisema utatuletea watu ambao habari zao ulizifundisha vibaya kwa miaka mingi. Neno hilo nimekaa nalo wiki nzima.

BI REHEMA: Na ndivyo ilivyo. Nilikuwa nikifika kwa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, naandika ubaoni: alifariki 1873, watumishi wake waaminifu Susi na Chuma wakaubeba mwili hadi pwani. Basi. Nafuta ubao, tunaingia kwa mpelelezi mwingine, Stanley. Nimestaafu ndipo nikajiuliza, hivi kutoka Zambia ya leo hadi Bagamoyo, kwa miguu, na maiti, miezi tisa! Nani aliamua? Nani aliongoza? Nilikuwa sijui, na nilikuwa nafundisha.

JABIRI: Tuanze na wao wenyewe basi.

BI REHEMA: Chuma alikuwa Myao. Mwaka 1861 alikuwa kijana mdogo kwenye msafara wa watumwa upande wa mto Shire, Malawi ya leo. Livingstone na Askofu Mackenzie waliukuta msafara ule njiani, wakawafungua watu. Susi yeye ni mtu wa Shupanga, kwenye mto Zambezi, aliajiriwa kufanya kazi kwenye meli ya Livingstone. Mwaka 1864 wote wawili wakavuka naye bahari mpaka Bombay, kwa meli ndogo ya mvuke. Susi akabaki huko akifanya kazi bandarini, Chuma akawekwa shule.

JABIRI: Kwa hiyo tunapowaona 1873, hawa si vijana waliochukuliwa kijijini juzi.

BI REHEMA: Hata kidogo. Wameona Bombay, wameona Unguja, na safari hii ya mwisho wamekuwa nayo tangu 1866. Miaka saba, Jabiri. Wengine walitoroka, wengine walikufa, wao wapo.

JABIRI: Tupeleke Chitambo.

BI REHEMA: Kijiji cha Mtemi Chitambo, kusini mwa ziwa Bangweulu. Livingstone alifika hapo akiwa amebebwa kitandani, anaharisha damu, hawezi kusimama. Wakamjengea kibanda. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei, kijana anayeitwa Majwara alikuwa amelala mlangoni kumwangalia. Kabla hakujapambazuka akamkimbilia Susi: njoo, Bwana sijui yuko hai. Wakaingia. Mshumaa ulikuwa bado unawaka. Mzee amepiga magoti kando ya kitanda, uso kwenye viganja, juu ya mto. Wakangoja kidogo, labda anasali. Mmoja akamgusa shavu, limeshakuwa baridi.

JABIRI: Na hapo ndipo kila mtu angeweza kushika njia yake.

BI REHEMA: Ndiyo! Hakuna balozi, hakuna askari, mshahara wao uko Unguja, mbali kabisa. Wakaitana, wakakaa kikao. Wenzao wakawaambia Susi na Chuma: ninyi ndio wakongwe wa safari, mtakalosema tutalifanya. Hicho kikao naamini kilifanyika kwa Kiswahili, maana msafara ule ulikuwa wa Waungwana wa Unguja, Wayao, watu wa Zambezi, na vijana waliookolewa utumwani wakasoma shule ya Nasik kule Bara Hindi. Nikikifikiria kikao kile nasikia lugha yangu.

JABIRI: Lakini kwa nini wasimzike palepale? Hata Chitambo mwenyewe aliwashauri hivyo.

BI REHEMA: Vitabu vingi vinajibu kwa neno moja, upendo. Mimi siukatai upendo, miaka saba si mchezo. Ila kuna jambo jingine walilolijua vizuri. Mwishoni mwa 1866, Musa na wenzake wa Nzwani, Komoro, walimtoroka Livingstone, wakafika Unguja wakasema ameuawa. Uingereza ikatuma watu mpaka ziwa Nyasa kuchunguza, ikaonekana ni uongo. Sasa wewe fikiria, Susi na Chuma waende Unguja mikono mitupu, waseme Bwana amekufa. Nani angewaamini? Wangeulizwa wamemtupa wapi, au wamemuua wao. Mwili ndio ulikuwa ushahidi. Na daftari zake, na vyombo vyake. Jacob Wainwright, mmoja wa vijana wa Nasik, aliandika orodha ya kila kitu.

JABIRI: Hili sikulijua. Linabadilisha kila kitu.

BI REHEMA: Kwangu mimi lilibadilisha. Linaonyesha watu waliokaa wakafikiri.

JABIRI: Na mwili ule wakaufanyaje? Joto lile, mvua zile...

BI REHEMA: Walijenga boma nje kidogo ya kijiji, ndani yake kibanda kisicho na paa, jua lipige. Kulikuwa na mtu anaitwa Farjallah, aliyewahi kumtumikia daktari Unguja, akajua mambo ya kufungua maiti. Akapasua, akatoa viungo vya ndani, wakaviweka kwenye debe la bati, wakavizika chini ya mti wa mpundu. Moyo wake uko pale. Jacob akasoma sala ya maziko. Kisha wakatia chumvi iliyonunuliwa kwa shanga, uso wakaupaka brandi, mwili ukakaa juani siku 14, wakiugeuza kila siku. Ukakauka. Miguu wakaikunja magotini ili mzigo uwe mfupi, wakaufunga kwa kitambaa, wakauingiza kwenye gamba la mti lililochunwa zimazima, juu wakashonea turubai, wakapaka lami.

JABIRI: Na Jacob akachonga maandishi kwenye ule mti.

BI REHEMA: Jina la Livingstone na tarehe, na chini yake majina ya wenzao wengine, Mniasere, Uchopere. Ushike hilo, nitalirudia.

JABIRI: Nimelishika. Safari sasa.

BI REHEMA: Mwanzo wake ulikuwa mgumu. Siku chache tu nusu ya watu wakaugua, wanawake wawili wakafa, msafara ukasimama muda mrefu. Maana wanawake walikuwemo. Halima mpishi, Ntaoeka mke wa Chuma. Wakavuka Luapula, wakapita kusini mwa Tanganyika, Oktoba wakawa Tabora. Hapo wakakutana na Mwingereza, Luteni Cameron, aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Akawaambia: mzikeni hapa, njia ya mbele ni hatari.

JABIRI: Ofisa wa jeshi la majini wa Malkia.

BI REHEMA: Wakakataa. Kwa adabu, lakini wakakataa. Vile vyombo vya kupimia Cameron akavichukua vingi, wao hawakupenda. Mwili hakuupata.

JABIRI: Nami nimekulia Tabora, naomba tusiiruke Kasekera.

BI REHEMA: Nani angeiruka! Eleza wewe.

JABIRI: Kasekera iko mashariki ya Tabora. Habari zilishatangulia kwamba kuna msafara umebeba maiti, na wenyeji hawataki maiti ipite kwao. Ni mkosi, na kwa imani ya wakati ule huwezi kuwalaumu. Basi Susi na Chuma wakatangaza: sawa, tumeghairi, tunamrudisha akazikwe Unyanyembe, kule kule Tabora. Usiku wakautoa mwili kwenye lile gamba, wakaufunga upya kwa kitambaa kama robota la nguo, robota kama marobota mengine ya biashara. Halafu wakakata mabua ya mtama, urefu wa mtu, wakayafunga vitambaa yakawa maiti.

BI REHEMA: Wakayabeba kwa heshima zote.

JABIRI: Watu sita, kijiji kizima kinaona, wanarudi nyuma kwenda kuzika. Jua limekuchwa, wako mbali, wakaanza kuyachomoa mabua, bua moja moja, wanalitupa porini. Yakaisha, wakatupa na vitambaa. Halafu wakaruka majanini mmoja mmoja, huyu hapa, yule kule, wasiache nyayo njiani. Kulipokucha wako na wenzao, na robota linapita mchana kweupe.

BI REHEMA: Mimi kila nikiisikia hii nasimamisha pumzi. Kosa moja dogo tu!

JABIRI: Februari 1874, Bagamoyo.

BI REHEMA: Zaidi ya kilomita 1,600. Mapadri wa Roho Mtakatifu wakaupokea mwili, tarehe 24 Februari ukalala kanisani kwao. Mnara wa kanisa lile bado upo. Niliwahi kwenda nikasimama mle ndani, ni padogo, pana baridi. Nikawaza wale wapagazi usiku ule, mzigo umewatoka mabegani kwa mara ya kwanza, walilala wapi?

JABIRI: Na kesho yake?

BI REHEMA: Meli ya kivita ikauchukua mwili kwenda Unguja. Kaimu balozi akawalipa mishahara, kwaheri. Hakuna aliyefikiria kuwapeleka mazikoni. Jacob peke yake alikwenda, kwa sababu wamisionari walimlipia nauli. Tarehe 18 Aprili 1874, Westminster Abbey, Jacob alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza, pamoja na Stanley. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye, na rafiki mmoja wa Livingstone aliyeitwa James Young. Maziko yalikwisha.

JABIRI: Wakafanya nini huko?

BI REHEMA: Wakakaa na mhariri wa shajara za Livingstone, wakamweleza kila kituo. Tunachojua kuhusu siku zile za mwisho kimetoka vinywani mwao. Na kwa Young wakajenga kibanda mfano wa kile cha Chitambo, wakaonyesha mzee alikuwa wapi.

JABIRI: Ulisema utarudi kwenye mti.

BI REHEMA: Kaburini Westminster kuna jiwe. Linasema ameletwa na mikono miaminifu kupitia nchi kavu na bahari. Mikono, Jabiri. Haina majina. Na ule mti wa mpundu, uliochongwa kwa kisu na kijana aliyeokolewa utumwani, una majina. Kipande chake kilikatwa, kiko London vilevile, kwenye Chama cha Kifalme cha Jiografia. Hicho chama kilitengeneza medali 60 za fedha kwa ajili ya watu wa msafara, lakini zilipokuwa tayari wengi walishatawanyika.

JABIRI: Na wao wawili waliishia wapi?

BI REHEMA: Chuma akawa kiongozi wa misafara aliyetafutwa na kila mtu. Mwaka 1879 alikuwa na wapelelezi Keith Johnston na kijana Joseph Thomson. Johnston akafa njiani, Behobeho, Thomson ana miaka 21, na watu karibu 150. Msafara ule ulikwenda maziwani ukarudi kwa sababu Chuma alikuwepo. Akafa Unguja 1882 kwa kifua kikuu, bado si mzee. Susi alikwenda Kongo na Stanley, miaka ile ya kufungua kituo kilichokuja kuwa Kinshasa. Akarudi, akabatizwa 1886, akachagua jina David. Alifariki 1891, Unguja hukohuko.

JABIRI: David.

BI REHEMA: Ndiyo. Na kanisa la Mkunazini, Mji Mkongwe, lina msalaba uliotengenezwa kwa mbao ya ule mti wa Chitambo. Ukienda, usimwachie anayekutembeza akuonyeshe haraka haraka.

JABIRI: Tuna dakika moja. Mwalimu ana ombi kwa wasikilizaji.

BI REHEMA: Nina ombi. Zile medali hazikuwafikia wote, lakini watu wale walirudi makwao: Unguja, Bagamoyo, Tabora. Kama kwenu kuna hadithi ya babu aliyebeba mzigo na msafara huo, hata kama ni jina tu lililobaki, turekodieni sauti mtutumie. Muulizeni bibi leo, msingoje.