Kansa Haitembei Ovyo, Inanusa

(Mazungumzo yangu kwenye ukumbi wa kanisa, Kondele, Kisumu)

Wale wa nyuma songeni mbele, viti viko. Niseme mapema mimi si daktari, msije mkanipangia laini baadaye na makaratasi ya hosi, mimi ni mtu wa maabara, kazi yangu ni kuchungulia vipande vya nyama ya watu kwa darubini.

Wangapi hapa wameanika omena Dunga? Eeh, mikono naiona. Sasa nzi akija kwa omena yako habahatishi, anatoka huko mbali, anapita nguo kwa kamba, anapita mawe, anatua pale pale, kwa sababu ana kitu cha kunusia. Watu wengi wanadhani kansa inasambaa kama gugumaji, upepo ukivuma huku liko huku, ukigeuka liko kule. Zii. Mwaka wa 1889 daktari mmoja Mwingereza, Stephen Paget, alipitia rekodi za wanawake 735 waliokufa na kansa ya matiti akaona ini limeshambuliwa sana kuliko wengu, na wengu nao unapata damu yake vizuri tu, sasa mbona? Akasema hizo seli ni kama mbegu, zinaota pale udongo umezikubali.

Pua yenyewe ilikuja kuonekana miaka zaidi ya 100 baadaye. 2001 watafiti walionyesha seli za kansa ya matiti ziko na risepta inaitwa CXCR4. Risepta ni kitu kimekaa kwa ngozi ya seli au ndani yake, kazi yake kunasa ujumbe. Na ile harufu CXCR4 inanusa, wapi inatengenezwa kwa wingi? Mapafu, ini, uboho wa mifupa, tezi za limfu, yaani kule kule kansa ya matiti hupenda kuhamia! Wakaiziba kwa panya, kansa ya mapafuni ikapungua. Ikapungua, sijasema ikaisha. Dawa ya kuziba hiyo risepta iko, pleriksafo, Marekani waliipitisha 2008, lakini waliipitisha ya kutoa seli shina, zile zinazozaa damu, kwa uboho ziingie kwa damu, si ya kuzuia kansa kusambaa, kwa hivyo mtu akikuuzia chupa pale Kibuye akuambie inaziba pua ya kansa, mwambie akunywe yeye kwanza.

Mama pale anauliza, sasa hiyo ya panya inatusaidia nini sisi? Swali poa sana. Kuna risepta zingine zinazibwa leo hii, kwa watu. Tamoksifeni, tembe ndogo tu, inakalia kiti, yaani risepta, cha estrojeni, ile homoni ya kike, ndani ya seli, estrojeni ikija inapata kiti kina mtu. Iko sokoni Marekani tangu 1977. Halafu trastuzumabu, ya sindano, 1998, hiyo inashika risepta ya HER2. Lakini ukimpa mtu tamoksifeni na seli zake hazina hicho kiti, umempa chaki.

Ndio maana lazima zipimwe. Tunapaka kipande cha nyama rangi, HER2 ikiwa nyingi naona kila seli imezungushiwa mstari wa kahawia, kama mtu amepitisha biro pembeni ya ugali. Ya estrojeni inakuwa kahawia katikati, kwa kiini.

Sasa niwaambie ya mama yangu mdogo. Alikatwa kipande cha titi kipimwe, Alhamisi kabla ya Pasaka, hospitali sitaitaja, kikatiwa kwa chupa ya formalini, ile dawa ya kuhifadhi nyama isioze, chupa ikawekwa kwa dirisha la ofisi, watu wakaenda ushago, ikaguswa Jumanne mchana. Formalini inafaa kushika nyama masaa 6 hadi 72, ikizidi sana inafunga risepta, rangi haishiki vizuri, jibu linaweza kutoka hakuna na kumbe iko. Na hata chini ya 6 ni shida. Ya mama mdogo ilitoka sifuri, mimi nikakataa, nikagombana na watu, akakatwa tena akiwa amenuna, haongei na mimi wiki nzima. Ya pili ikatoka kahawia tupu. Leo anameza tembe yake kila jioni na chai ya maziwa.

Eeh sista, naona unaandika. 6 hadi 72. Na kwa chupa uandike saa, tarehe peke yake hainisaidii.