Upande Uliosahauliwa

Shikamooni wazee wangu. Nanyi mliotoka Chamwino na Kongwa na wagonjwa wenu, poleni na safari.

Mgonjwa amepata kiharusi, au ameanguka na bodaboda akaumia kichwa. Unampakulia ugali na mlenda, anakula upande wa kulia wa sahani, wa kushoto anauacha, kisha anasema hajashiba. Ndugu husema anadeka, wengine wanasema karogwa. Hapana! Macho yanaweza kuwa mazima kabisa. Upande wa kulia wa ubongo ukiumia, kushoto kwake kote kunaweza kutoweka fikrani, pamoja na mkono wake mwenyewe. Wapo wanaoukana kabisa: “Huu si wangu.”

Wewe ukifumba macho unajua goti limekunjwa au limenyooka. Aliyepoteza hisia hiyo hajui, ndiyo maana anatembea akitazama miguu. Na aliyepoteza hisia ya joto na maumivu anaungua jikoni bila kushtuka.

Sisi nyumbani, kwa upendo, tunamlisha na kumvisha. Mkono dhaifu unakaa mapajani mpaka ubongo unazoea kuishi bila huo. Edward Taub wa Marekani aliliona hili kwa kima: waliokatwa neva za hisia za mkono mmoja waliacha kuutumia, ingawa ungeweza kufanya kazi. Ule mzima ulipofungwa, wakautumia tena. Ikazaliwa tiba ya kuuvalisha mkono mzima glavu nene, na ule dhaifu kufanyishwa kazi saa kadhaa kila siku kwa wiki 2 hivi. Haimfai kila mtu. Lazima kiganja na vidole viwe vinacheza kidogo, na mtaalamu wa mazoezi tiba ndiye anayepima.

Ila haya mnayaweza leo. Mkae upande anaousahau, mmwite kutoka huko. Mkono usuguliwe taratibu kwa kitambaa, yeye akiutazama. Halafu apewe kazi ya kweli. Mimi nachagua kubangua karanga kuliko kuminya mpira: mkono mmoja unashika, mwingine unavunja, na mwisho kuna kitu cha kutia kwenye mboga. Arudie, arudie sana, apumzike akichoka.

Jambo moja nawasihi: msimnyanyue kwa kumvuta mkono uliolegea. Bega linateguka, na maumivu yake yatamfanya aukimbie mkono huo kabisa. Mama uliyekaa mbele, sogea na mzee hapa, tuwaonyeshe wenzetu anavyonyanyuliwa.