Kuondoa minyoo bapa wekundu kwenye tangi la matumbawe

Ndugu zangu wafugaji wa matumbawe, asanteni kwa kuja. Leo tumshughulikie mnyoo mmoja tu, yule bapa mwekundu, kwa sababu ndiye anayetia watu hasara kubwa, na mara nyingi hasara yenyewe huja siku ya kumtibu.

Kwanza tumtambue. Taa zikiwa zimewaka, sogea karibu na kioo. Utaona madoa ya rangi ya kutu, milimita mbili hadi tano kila moja, yamejazana kwenye mchanga na mawe yanayopigwa na mwanga. Mwangalie mmoja kwa lenzi: mwili mwembamba kama karatasi, na nyuma una ncha tatu. Huyo ni Convolutriloba. Anayejulikana zaidi ni Convolutriloba retrogemma, aliyeandikwa kitaalamu mwaka 1988, na jina lake limemkaa vizuri: huzaliana kwa kuchipuza, kichipukizi kikiota nyuma ya mzazi kikiwa kimegeukia upande wa pili, kisha kikakwanyuka na kwenda zake. Hahitaji mwenzi. Mmoja aliyejificha nyuma ya jiwe anatosha kuanzisha ukoo upya. Tena mwilini hufuga mwani mdogo mno unaomlisha kwa nguvu ya mwanga, kwa hiyo kupunguza chakula cha samaki kunasaidia lakini hakummalizi.

Msimchanganye na mnyoo mrefu mwenye manyoya ubavuni anayetoka usiku. Yule anakula mabaki, mwacheni afanye kazi.

Huyu mwekundu huyafunika matumbawe hadi yakakosa mwanga na kusinyaa. Lakini hatari yake kubwa ni sumu aliyonayo mwilini, ambayo huachia majini anapokufa. Wakifa wachache, hakuna neno. Wakifa maelfu ndani ya nusu saa, samaki hupanda juu kuhema, matumbawe hutoa ute, na kufika jioni unaopoa mizoga. Watu hulaumu dawa, kumbe waliua minyoo wengi mno kwa mkupuo. Kwa hiyo kabla ya dawa, minyoo wavutwe kwanza kwa mpira.

Chukua mpira mwembamba wa hewa wenye tundu la milimita 4 hadi 6, ufunge kwenye kijiti kigumu ili uuongoze vizuri. Upande wa pili uingize kwenye soksi ya kuchujia ya maikroni 100, iliyoning'inizwa kwenye tangi la chini, lile la kuchujia maji, ili maji yarudi na minyoo wabaki. Zima pampu za mawimbi, la sivyo watatawanyika. Fanya hivyo taa zikiwa zimewaka kwa saa kadhaa, maana ndipo wanapojianika. Soksi isuuze kwa maji baridi ya bomba. Maji yasiyo na chumvi huwapasua. Rudia kila siku kwa wiki moja au mbili, hadi uhesabu makumi pale ulipokuwa ukiona mamia.

Sasa pima maji yako kwa kweli. Tangi la sentimita 100 kwa 50, maji yakiwa na kina cha 45, ni lita 225. Mawe na mchanga vikichukua lita 35, zimebaki 190. Ongeza 40 za tangi la chini, jumla 230. Ukitia dawa kwa kipimo cha kioo kitupu unazidisha. Siku moja kabla, koroga lita 70 za maji mapya, takriban kilo 2.5 za chumvi ya matumbawe, uchumvi na joto vilingane na vya tangi.

Tumia dawa ya minyoo bapa iliyotengenezwa kwa matangi ya matumbawe, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Kuna wanaoshawishika na dawa ya mbuzi na ng'ombe yenye levamisole. Nyingi kati ya hizo zimechanganywa na oxyclozanide, dawa ya minyoo ya ini, ambayo haikukusudiwa samaki wala matumbawe. Iacheni zizini.

Toa mkaa amilifu wa kuchujia maji, zima skima, kile kifaa kinachotoa uchafu kwa povu, acha hewa ikibubujika kwa nguvu. Jaribu kwanza kwenye kikombe cha maji ya tangi chenye minyoo watano. Wakilegea na kujikunja, tia dawa tangini. Papo hapo anza kuwavuta kwa mpira wanapoachia mawe, usisubiri waoze. Muda ulioandikwa ukiisha, au samaki wakianza kuhema kabla yake, badilisha zile lita 70, weka gramu 250 za mkaa mpya uliosuuzwa, washa skima. Itafura povu sana, kwa hiyo kikombe chake kimwage mara kwa mara. Baada ya siku saba hadi kumi rudia dozi, kwa ajili ya waliojificha.

Kuna koa wa baharini, Chelidonura varians, anayekula minyoo hawa. Ni mzuri, ila chakula chake ni hicho tu. Wakiisha atakufa njaa, hivyo panga mapema nani atampokea. Pampu nazo humnyonya, zifunike kwa sponji.

Na mlio jirani na bahari, maji yenye dawa na yale ya soksi msiyamwage ufukweni. Yatieni klorini ya kufulia, yaacheni usiku kucha, kisha myamwage chooni.